Unataka ruta ya nyumbani Lipingo? Anza na mnara, ruta baadaye

Mama mdogo wangu ana steshenari ndogo Lipingo, wilaya ya Nyasa, mkoani Ruvuma. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, na msimu ukifika anawasaidia vijana kuangalia matokeo ya NECTA na kujaza maombi ya mkopo wa HESLB. Kwa muda mrefu alikuwa anatumia hotspoti ya simu yake. Simu inapata moto kama pasi, na mtu akipiga tu, intaneti inakata katikati ya fomu ya mtoto wa watu. Akaniomba nimtafutie ruta.

Nikaingia duka moja Kariakoo, nikaona boksi zuri lenye picha ya antena nne, nikalipa, nikaipandisha basi la Songea. Ikasafiri zaidi ya kilomita 1,000, ikapokelewa Mbinga, ikateremka milima hadi ziwani. Siku ya tatu simu yangu ikaita.

"Mwanangu, hii mashine laini naichomeka wapi?"

Hakukuwa na pa kuchomeka. Ilikuwa ruta ya watu wenye fiba. Muuzaji hakunidanganya. Nilimwambia nataka ruta ya Wi-Fi, akanipa ruta ya Wi-Fi. Mimi ndiye sikujua ninachouliza, na hela ikawa imeshaenda.

Kama uko Lipingo, Liuli, Lituhi, Mbamba Bay au kule juu Umatengo, na unafikiria kununua ruta (au una mtoto mjini anayetaka kukununulia), soma hii kwanza.

Ruta haina intaneti ndani yake

Hapa ndipo watu wengi tunapigwa. Ruta inagawa tu. Inachukua intaneti kutoka sehemu fulani na kuisambaza kwa Wi-Fi kwenye simu, kompyuta na runinga. Swali la kwanza ni hiyo intaneti inaingiaje nyumbani kwako.

Mjini inaweza kuingia kwa waya wa fiba. Ruta za huko huwa na tundu la waya tu nyuma, basi. Ukiikuta imeandikwa WAN na haina sehemu ya laini, hiyo inasubiri waya. Kama hakuna waya unaofika nyumbani kwako, imebaki pambo.

Kijijini kwetu intaneti inaingia kwa njia ya mnara wa simu. Kwa hiyo unahitaji ruta inayopokea laini, ile inayoandikwa 4G au LTE kwenye boksi. Muulize muuzaji akuonyeshe tundu la laini kwa macho yako. Usikubali "ipo, ipo". Fungua boksi.

Halafu kuna MiFi, kile kidude cha mfukoni chenye betri. Nacho kinapokea laini na kinagawa Wi-Fi. Kizuri kwa mtu anayesafiri, au mwalimu anayeishi chumba kimoja. Ila antena zake ni ndogo na ziko ndani, na ukikiacha kwenye chaji mchana na usiku, betri yake inavimba. Kwa nyumba yenye watu wengi au duka, ruta ya mezani ni bora.

Pia utakutana na kifaa cha kurefusha Wi-Fi, ambacho wengine wanakiuza kwa jina la ruta. Hicho kinadaka Wi-Fi iliyopo na kuisogeza mbele. Kama hakuna Wi-Fi, hakina cha kusogeza.

Mtandao gani unashika nyumbani kwako? Si kijijini. Nyumbani kwako

Ukanda wetu una kitu kimoja kinachosumbua mawimbi, nacho ni milima. Ziwa liko magharibi, safu ya milima mashariki, na vijiji vingi vimekaa katikati kwenye ukanda mwembamba. Mawimbi ya 4G hayapendi kupita kwenye mlima. Nyumba moja inaona mnara vizuri, na nyumba ya jirani iliyo nyuma ya kilima kidogo inapata herufi E. Ndiyo maana ushauri wa "chukua mtandao fulani, uko vizuri Ruvuma" hauna maana sana. Ruvuma ni kubwa, na nyumba yako ni moja.

Minara inaongezeka, hilo lazima lisemwe. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 kwenye maeneo ya vijijini nchi nzima. Kwa hiyo hata kama ulijaribu mtandao fulani miaka mitatu iliyopita ukakuta haushiki, jaribu tena kabla hujaufuta kwenye orodha.

Wa kwanza kuuliza ni wakala wa pesa. Huyu anajua mtandao gani unakata saa ngapi, kwa sababu ukikata yeye anakosa kamisheni. Muulize na mwalimu, na mhudumu wa zahanati. Ila usiishie kuuliza, pima mwenyewe.

Chukua simu yoyote ya 4G. Weka laini ya mtandao wa kwanza. Ingia kwenye mipangilio, tafuta "Kuhusu simu", kisha hali ya laini. Pale kuna namba yenye alama ya kutoa mbele na herufi dBm. Hiyo ndiyo nguvu ya mawimbi, na ndiyo inayosema ukweli kuliko vile vimistari vinne vya juu ya kioo. Kila simu inachora vimistari kwa namna yake.

Namba hiyo inasomwa kinyume na ulivyozoea. Ikiwa kwenye 4G, -85 ni nzuri sana. Ikifika -100 bado utafanya kazi. Ikivuka -110 kuelekea -120, jiandae kuteseka, au jiandae kununua antena ya nje. Hakikisha pia juu ya kioo pameandikwa 4G au LTE. Ukiona H+ hiyo ni 3G, na E ni 2G, hata namba iwe nzuri vipi.

Zunguka nayo nyumba nzima. Dirisha la upande wa ziwa, dirisha la upande wa mlima, barazani, jikoni. Andika namba za kila mahali. Mama mdogo alikuta tofauti ya 14 kati ya ukuta wa nyuma na dirisha la mbele, na dirisha la mbele halikuwa lile alilodhani. Kumbuka bati ni chuma. Mawimbi hayapiti juu ya paa la bati kirahisi, yanaingia kwa madirisha na milango, kwa hiyo mahali pa ruta ni dirishani. Kuiweka juu ya kabati katikati ya nyumba ni kosa, hata kama inapendeza.

Kisha rudia na laini ya mtandao wa pili na wa tatu. Na rudia saa mbili usiku. Saa nne asubuhi watu wako shambani au ziwani na mnara uko huru. Usiku wote wamerudi, wote wako mtandaoni, na hapo ndipo utajua kama video itacheza. Mnara unaweza kuwa na mawimbi makali huku umejaa watu hadi huduma haitembei.

Kazi hii inachukua siku mbili na gharama yake ni vocha kidogo. Ningeifanya kabla ya kwenda Kariakoo, ningejiokolea nauli ya parseli na aibu.

Ruta ya kampuni au ruta huru?

Vodacom, Airtel, Yas (ile iliyokuwa Tigo hadi mwishoni mwa 2024), Halotel na TTCL wote wanahusika na intaneti ya nyumbani kwa namna moja au nyingine. Ruta inayouzwa na kampuni ya simu mara nyingi ni nafuu, na huja na kifurushi chake. Shida ni kwamba nyingi zimefungwa zisome laini za kampuni hiyo tu.

Kama upimaji wako umeonyesha mtandao mmoja unashinda wengine kwa mbali, na ndio wenye ruta ya bei nafuu, chukua hiyo na usijiumize kichwa. Lakini kama mitandao miwili inakaribiana, ruta huru ina thamani. Mnara ukiharibika mwezi mzima, unabadilisha laini na maisha yanaendelea. Kwa mtu mwenye biashara kama steshenari, mimi ningelipa zaidi nipate iliyo huru. Kwa familia inayoangalia tamthilia jioni, si lazima.

Jambo moja la ruta za kutoka nje. Ndugu yako aliye Marekani akikuletea ruta ya huko, angalia masafa kwanza. 4G ya kwetu inatumia sana masafa ya 700, 800 na 1800, ambayo kwenye boksi huandikwa B28, B20 na B3. Ruta nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani zina B2, B4, B12, B13 na nyinginezo ambazo hapa hazikusaidii. Itawaka taa vizuri kabisa na haitaona mnara.

Kwa vijijini, B28 na B20 ndizo za kuzitafuta kwa bidii. Masafa ya chini husafiri mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi kuliko yale ya juu. Ruta yenye B3 peke yake inaweza kufanya kazi karibu na mnara na kukuangusha kilomita chache mbele.

Mengine ya kwenye boksi, na yale ya kupuuza

Antena. Zile pembe nne za nje zinazoonekana kwenye picha mara nyingi ni za kugawa Wi-Fi, si za kudaka mnara. Unachotaka kujua ni kama ruta ina matundu ya kufungia antena ya nje ya 4G. Yako mawili, ya duara, yenye nyuzi za skrubu. Kama namba yako ya dBm ilikuwa -105 kwenda chini, hili ni la lazima. Nyumba ikiwa bondeni kabisa, kuna ruta za nje zinazofungwa juu ya mlingoti, kisha waya mmoja wa mtandao unashuka ndani ukibeba umeme na intaneti pamoja. Ghali kidogo, ila zinafanya kazi pale nyingine zinaposhindwa. Ukitumia antena ya kawaida ya nje, waya wake uwe mfupi. Waya mrefu unakula mawimbi yote uliyoyapandia mlingoti.

Kasi. Utaona "Cat 4" na "Cat 6". Cat 4 inafika hadi megabiti 150 kwa sekunde, Cat 6 hadi 300, na hizo ni namba za maabara. Mnara wa kijijini haukupi hata nusu ya Cat 4, kwa hiyo usilipie Cat 6 kwa sababu ya namba tu.

5G vilevile. Ipo Tanzania tangu 2022, lakini kama simu ya 5G haijawahi kuandika 5G mlangoni kwako, ruta ya 5G ni mzigo wa bure.

Wi-Fi yenyewe ina njia mbili, 2.4 na 5. Ya 2.4 inafika mbali na inapenya tofali za kuchoma vizuri, ya 5 ina kasi lakini inachoka haraka. Kwenye maghorofa ya Dar njia ya 2.4 imejaa majirani, kila nyumba ina yake, ndiyo maana watu wa huko wanasisitiza 5. Lipingo nyumba zimeachana, 2.4 iko wazi. Ruta yenye njia moja tu ya 2.4 itakutosha na bei yake iko chini. Nasema hivyo nikijua wauzaji hawatapenda.

Hili lifuatalo halizungumzwi sana. Uliza kama ruta inaweza kusoma meseji na kupiga zile namba za nyota kama *150*. Ruta nyingine haziwezi. Maana yake kila bando likiisha unachomoa laini, unaiweka kwenye simu, unanunua, unarudisha. Mwezi wa tatu tundu la laini limelegea. Kama ruta uliyoipenda haiwezi, hakikisha mtandao wako unakuruhusu kununua bando kwa ajili ya namba nyingine ukiwa kwenye simu yako.

Na laini hiyo isajiliwe kwa jina lako mwenyewe, kwa alama ya kidole. Ukinunua ruta iliyokwisha wekwa laini, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Laini ya mtu mwingine inaweza kufungwa siku yoyote, na wewe huna pa kulalamika. Ruta ina IMEI kama simu, imeandikwa kwenye stika chini. Wanaokumbuka Juni 2016, TCRA ilipozima simu bandia, wanajua kwa nini namba hiyo ni ya kuiangalia kabla ya kulipa.

Umeme, sola na radi

Ruta ya mezani inakula kama wati 10. Ukiiwasha saa 24 kwa mwezi mzima ni uniti 7 hivi za LUKU. Si nyingi, ila kama uko kwenye ile tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi na tayari unagusagusa mpaka, zihesabu. Au izime ukilala.

Umeme ukikatika, ruta inazima hata kama simu yako ina chaji na mnara uko hewani. Suluhisho ni betri ndogo maalumu ya ruta, inakaa katikati ya adapta na ruta. Kabla ya kununua, geuza ruta usome volti zake. Nyingi ni 12, ila zipo za 9 na za 5. Ukikosea volti unaunguza ruta. Ampea zikizidi si tatizo, zikipungua ruta inajizimazima.

Wenye sola na betri ya volti 12 wanaweza kuiunganisha ruta moja kwa moja bila kupitia invata, na wanaokoa umeme mwingi. Lakini jua likiwa kali, betri inayochajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi. Weka kidhibiti volti katikati, ni kadude kadogo tu. Kuhusu muda, betri ndogo ya 12V 7Ah ina wati-saa 84. Kwa hesabu ya karatasi, ruta ya wati 10 inakaa saa 8. Betri ya asidi usiimalize zaidi ya nusu, kwa hiyo chukulia saa 4.

Radi za masika huku kwetu kila mtu anazijua. Wingu likianza kunguruma, chomoa adapta na chomoa waya wa antena ya nje. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Bando litaisha haraka kuliko ulivyozoea, na sababu ni hii

Wiki ya kwanza baada ya kupata ruta, watu wengi wanadhani kampuni inawaibia. Kwenye laini ya simu bando la wiki lilitosha, kwenye ruta limekwisha siku mbili.

Kinachotokea ni kwamba simu inaamini Wi-Fi ni ya bure. Ikiwa kwenye data ya laini, inajibana. Haipakii picha, haisasishi programu, haipakui video za makundi ya WhatsApp. Ikiona Wi-Fi tu, inafungulia bomba. Picha 2,000 zinaanza kupanda kwenye hifadhi ya Google, programu 30 zinajisasisha, na kundi la harusi linashusha video zote za kitchen pati. Zidisha kwa simu tano. Ongeza kompyuta ya Windows inayojisasisha yenyewe bila kumuuliza mtu.

Siku ya kwanza kabisa, kaa na kila simu ya nyumbani. Kwenye WhatsApp, ingia mipangilio ya hifadhi na data, zima upakuaji wa wenyewe kwenye Wi-Fi. Kwenye duka la programu, zima usasishaji wa wenyewe. Kwenye Google Photos, zima kuhifadhi nakala, au iwashe mara moja kwa mwezi ukiwa na bando kubwa. Kwenye kompyuta, fungua sifa za Wi-Fi hiyo na uiambie kuwa ni muunganisho unaohesabiwa data. Windows ina swichi ya kazi hiyo.

Kuhusu video, Netflix yenyewe inasema ubora wa kati unakula GB 0.7 kwa saa, na ubora wa HD hadi GB 3. Saa mbili kila jioni kwa ubora wa kati ni GB 42 kwa mwezi. Kwa HD ni 180. Filamu ni ile ile, kioo cha simu ni kile kile. Kwenye YouTube shusha hadi 360 au 480 na hakuna atakayelalamika.

Vifurushi vya "bila kikomo" navyo visome hadi chini kwenye maandishi madogo. Vingi vina kiwango ambacho ukikipita kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi. Kwa barua pepe na fomu bado utafanya, kwa video sahau.

Nywila, na majirani zetu

Ukifunga ruta kijijini, taarifa inafika mbali kuliko mawimbi yenyewe. Kufikia jioni kuna vijana sita wamekaa kwenye benchi lako na hawajaja kununua kitu.

Badilisha nywila mbili, si moja. Ya kwanza ni ya Wi-Fi, ile iliyoandikwa chini ya ruta ambayo yeyote anayeigeuza anaiona. Ya pili ni ya kuingilia mipangilio ya ruta yenyewe, ambayo kwenye nyingi ni "admin". Fungua kivinjari, andika anwani iliyo kwenye stika, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, ingia, badilisha. Ukiwa humo chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, na uzime WPS. Kile kitufe cha WPS kinarahisisha kuunganisha, na kinarahisisha pia kwa wasiohusika. Udhaifu wake umejulikana tangu 2011.

Zima pia kutumia mitandao ya nje ya nchi, ile roming. Ng'ambo ya ziwa ni Malawi, na maji hayana mlima wa kuzuia mawimbi. Hutaki kugundua mwisho wa mwezi kwamba ruta yako imekuwa ikisafiri.

Kumnyima jirani si rahisi, na sidhani kama ni lazima. Ruta nyingi zinakuruhusu kuunda Wi-Fi ya pili ya wageni, yenye nywila yake, na nyingine zinakuruhusu kuipunguzia kasi au kuiweka izime saa fulani. Mama mdogo ana ya wageni. Anabadilisha nywila kila Jumatatu, na ukitoa kopi unapewa.

Kuhusu Starlink, maana naulizwa sana. Ilianza kutoa huduma Malawi mwaka 2023, kwa hiyo watu wa mwambao wanaisikia. Kabla ya kuvusha kifaa chochote cha setilaiti kutoka ng'ambo, iulize TCRA kama huduma hiyo ina leseni hapa. Kifaa kisicho na kibali kinaweza kukamatwa, na hela yake si ndogo.

Je, unahitaji ruta kweli?

Kama nyumbani mko wawili au watatu na mnatumia WhatsApp na kusoma habari, labda hapana. Ile simu ya 4G iliyopasuka kioo iko kwenye droo. Weka laini yake, washa hotspoti, iweke dirishani pale namba ilipokuwa nzuri. Hiyo ni ruta. Usiiache kwenye chaji muda wote, na isipigwe jua. Ukiona mgongo wa simu unanyanyuka, acha kuitumia siku hiyo hiyo, betri imevimba.

Ruta inaanza kuwa na faida mkifika watano na kuendelea, au ukiwa na kompyuta na printa zinazohitaji mtandao kutwa, au pale hotspoti inapokukatizia kazi za watu kama ilivyokuwa kwa mama mdogo.

Yeye tulimpatia nyingine. Safari hii alipima kwanza, mitandao mitatu, madirisha manne, asubuhi na usiku, akanitumia namba zote kwa WhatsApp kwenye picha ya daftari. Tukachukua ruta huru ya laini, Cat 4, yenye B28 na matundu ya antena ambayo mpaka leo hajayahitaji. Inakaa dirisha la mbele. Dirisha la maombi ya HESLB lilipofunguliwa, vijana waliojazia fomu kwake hawakuhitaji kupanda gari kwenda Mbamba Bay.

Na ile ya kwanza, ya antena nne? Haikurudi Kariakoo. Tulivuta waya wa mtandao wa mita 30 kutoka ruta mpya, ukapita juu ya dari hadi chumba cha nyuma ambako Wi-Fi ilikuwa haifiki, tukauchomeka kwenye lile tundu la WAN. Waya huo unaweza kwenda hadi mita 100 bila shida. Sasa ndiyo inayohudumia benchi la wageni.